Narudi kwenye besi baada ya karibu miaka thelathini: ninunue ipi?

SWALI: Kaka, pole na kazi. Mimi ni mama wa miaka 52, naishi Mwanza. Nilipiga besi kwenye kwaya ya vijana tangu 1989 mpaka 1997, nikaolewa, nikahamishwa kikazi, wakaja watoto, na tangu hapo sijashika gitaa. Sasa kwaya ya akina mama kanisani kwetu haina mpiga besi na wameniomba. Nina shilingi laki tisa. Nimeonyeshwa besi tatu. Ya kwanza ni mpya, nyuzi tano, inatumia betri, laki saba na nusu. Ya pili ni Yamaha ya zamani, nyuzi nne, laki sita; ni nzuri kwa macho lakini nzito, na muuzaji mwenyewe amekiri shingo imepinda kidogo, anasema fundi atainyoosha. Ya tatu ni fupi, nyuzi nne, imetumika kidogo, laki tano, ila kijana wa dukani ameniambia hiyo ni ya watoto wanaojifunza. Bega la kushoto linanisumbua na vidole si vile vya zamani. Ninachotamani ni ile sauti ya besi za kwaya zetu za kwenye kanda. Ninunue ipi?

JIBU: Dada yangu, shukrani. Swali lako limenigusa, kwa sababu watu wanaorudi kwenye besi baada ya miaka mingi wanapita sana kwenye meza yangu ya ufundi. Wengi wananunua besi nzuri, wanapiga mwezi mmoja au miwili, kisha gitaa linatundikwa ukutani na halishuki tena. Nikiwauliza kulikoni, hakuna anayeniambia amesahau nyimbo. Wananitajia bega, kiwiko, kidole cha mwisho. Ndiyo maana naanzia kwenye mwili wako. Ile mikono ya 1997 usiinunulie gitaa. Inunulie mikono uliyonayo sasa, pamoja na hilo bega.

Uamuzi wangu nakupa mapema: chukua ile fupi, ukishaikagua kama nitakavyokueleza. Ile ya nyuzi tano iache. Yamaha iache pia, isipokuwa shingo yake ishinde jaribio moja ambalo utalifanya mwenyewe kwa macho, bila fundi.

Sasa tuanze na neno la kijana wa dukani, maana najua limekuchoma. Besi nyingi tunazoziona zina uzi wa inchi 34, kama sentimita 86, ukipima toka kile kipande chenye mifereji kwenye shina la kichwa cha gitaa mpaka kwenye daraja linaloshika nyuzi mwilini. Kipimo hicho kilienea kupitia besi aliyoitoa Leo Fender mwaka 1951, na Fender alikuwa fundi redio wa Fullerton, California, ambaye mwenyewe hakuwa mpiga gitaa. Kilifanya kazi, viwanda vikakifuata. Lakini besi fupi za inchi 30, kama sentimita 76, zimekuwepo sambamba nazo kwa miaka mingi. Ile besi yenye umbo la fidla ambayo Paul McCartney aliinunua Hamburg mwaka 1961, akaifanya ijulikane dunia nzima akiwa na Beatles, ni fupi. Fender wenyewe walitoa besi yao fupi, Mustang, mwaka 1966. Kwa hiyo ni kweli mtoto anaweza kuanzia kwenye besi fupi, lakini haikuumbwa kwa ajili yake peke yake.

Tofauti hiyo ya inchi nne utaihisi wapi? Weka kidole cha kwanza kwenye freti ya kwanza na kidole cha mwisho kwenye freti ya nne, namna tulivyofundishwa sote. Freti ni vile vyuma vyembamba vilivyolala kwenye shingo. Kwenye besi ndefu, toka freti ya kwanza hadi ya nne ni karibu sentimita 13. Kwenye fupi ni kama sentimita 11 na nusu. Ukizisoma kwenye karatasi unaona ni kitu kidogo. Ila tanua kiganja chako sasa hivi juu ya meza mpaka kifike sentimita 13, kikae hivyo dakika nzima, kisha kirudishe hadi 11 na nusu. Utasikia msuli wa chini ya kidole gumba unavyoachia. Kwenye ibada inayochukua saa mbili, kitendo hicho unakirudia mara mia kadhaa.

Kuna jingine lisiloonekana kwa macho. Uzi uleule, wenye unene uleule na unaotoa noti ileile, ukiuweka kwenye besi ya inchi 30 mkazo wake unapungua kwa zaidi ya moja ya tano ukilinganisha na inchi 34. Maana yake vidole vya kushoto vinabonyeza kwa nguvu kidogo, na vya kulia vinavuta uzi laini zaidi. Mtu ambaye sugu za vidoleni zimeisha miaka mingi anahitaji sana nafuu hiyo kwenye miezi mitatu ya kwanza.

Twende kwenye bega. Besi nyingi huwa kati ya kilo tatu na nusu na nne na nusu. Muuzaji hatakutajia kilo, kwa hiyo pima mwenyewe. Uko Mwanza, mizani ya kuning'iniza kama ile wanayopimia samaki pale Mwaloni inatosha kabisa: pitisha mkanda wa gitaa kwenye ndoano, soma. Kwa bega linalouma nisingekuruhusu kuvuka kilo tatu na nusu, ikiwezekana ibaki karibu na tatu. Hata hivyo, kilo peke yake hazitoshi kukupa jibu. Vaa besi kwa mkanda, simama wima, kisha achia mikono yote miwili taratibu huku ukiwa tayari kuidaka. Ikitulia ilivyo, au kichwa kikashuka kidogo tu, ni salama. Kichwa kikianguka kuelekea sakafuni, basi mkono wako wa kushoto utakuwa unaibeba shingo muda wote unaopiga, na bega litalalamika hata kama gitaa lenyewe ni jepesi. Baadhi ya besi fupi zina ugonjwa huu, kwa sababu pembe ya juu ya mwili, pale mkanda unapofungwa, ni fupi mno. Usinunue yoyote kabla ya kulifanya jaribio hilo.

Kisha omba ukae nayo dakika ishirini. Usione aibu; unatoa laki tano. Mwenye duka akikataa, hilo nalo limekupa habari. Dakika tano za kwanza kila besi ni nzuri, mwili huanza kusema kuanzia dakika ya kumi na tano. Mkanda uwe mpana, sentimita nane au zaidi, maana ule mwembamba wa nailoni unakata bega kama kamba ya ndoo. Na nyumbani fanya mazoezi ukiwa umekaa. Katika kwaya mliyoizoea nyinyi mpiga besi husimama, najua, lakini hakuna andiko linalolazimisha. Kiti kisicho na mikono, mguu wa kulia umenyooka kidogo, na mkanda ubaki begani hata ukikaa ili gitaa lisiteleze.

Sasa Yamaha. Moyo wangu unaielekea, nakiri, kwa sababu Yamaha nyingi za zamani zilijengwa kwa uangalifu na mbao zake zimekwishatulia. Tatizo ni hilo neno “imepinda kidogo”. Shingo ya gitaa inaweza kupinda kwa namna mbili, na wauzaji huzitaja zote kwa neno moja.

Namna ya kwanza ni kujikunja kama upinde, kwa kuvutwa na nyuzi. Hiyo haina shida. Ndani ya shingo mna fimbo ya chuma, na ncha yake inakazwa kwa spana ndogo, ama upande wa kichwa ama pale shingo inapoungana na mwili. Fundi anaizungusha robo mzunguko, anasubiri, anaangalia, anaongeza robo nyingine kama inahitajika. Besi nzuri huwa na upinde mdogo wa makusudi. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine bonyeza uzi huohuo pale shingo inapokutana na mwili. Uzi umenyooka sasa kama rula. Angalia nafasi kati ya uzi na freti ya saba au ya nane: iwe ndogo kiasi cha kupitisha kadi ya biashara, si zaidi sana. Ikipita shilingi, upinde umezidi. Uzi ukiwa umelalia freti bila nafasi yoyote, shingo imepindia upande wa pili.

Namna ya pili ni kujisokota, kama ubao uliolowa mvua kisha ukaanikwa juani. Hapo fimbo ya ndani haikusaidii kitu, kwa kuwa inavuta kwa urefu tu, haina uwezo wa kuzungusha. Jaribio ndilo hili. Shika besi kama mtu anayelenga bunduki, kichwa cha gitaa karibu na jicho lako, mwili wake uelekee dirishani. Fumba jicho moja. Tazama ule mstari wa freti ya kwanza na mstari wa freti ya mwisho. Kama mistari hiyo imelala sawasawa, mmoja juu ya mwingine, shingo ni nzima hata kama ina upinde. Kama mmoja umeinama upande kuliko mwingine, imejisokota. Zipo njia za kuitibu shingo ya namna hiyo, kwa joto na vibano au kwa kusawazisha ubao na kupiga freti upya, lakini ni kazi ndefu, gharama yake inaweza kuisogelea bei ya gitaa, na mara nyingine ubao hurudia ugonjwa wake.

Mwalimu mmoja wa kwaya aliwahi kuniletea besi ya hivyo. Alikuwa amechanga na wenzake kwa miezi, imepigwa msasa na vanishi mpya mpaka inang'aa. Tuliitazama pamoja mlangoni, kwenye mwanga, na kabla sijasema neno nikamwona ameshaelewa: uzi mwembamba ulikuwa juu, milimita karibu tano kutoka kwenye freti ya kumi na mbili, na uzi mnene umelala unakwaruza kila noti. Nilimsaidia nilivyoweza. Ilipigika, lakini haikuwa besi waliyoichangia. Ndiyo sababu nakusihi uitazame ile Yamaha kwenye mwanga wa dirisha kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika nafasi. Ikishinda jaribio, na mizani ikaonyesha kilo unazoweza kubeba, nipo tayari kubadili ushauri wangu. Utaifungia nyuzi nyembamba. Seti ya kawaida huanza na 45 kwa uzi mwembamba na kuishia 105 kwa uzi mnene, ambazo ni sehemu za inchi iliyogawanywa mara elfu. Ukiomba ya 40 hadi 95, mkazo unashuka karibu kwa moja ya tano. Hapo utakuwa umepata sehemu ya nafuu ya besi fupi, bila ule ufupi.

Ile ya nyuzi tano ina sifa zake na sitaki kuisema vibaya. Vijana wa kwaya za leo wanaipenda kwa sababu ya ki, yaani noti inayofanywa do ya wimbo. Mwimbishaji anasema “do ni E flati”, mpiga kinanda anabonyeza kitufe, na mpiga besi wa nyuzi nne anajikuta do yake ya chini haipo, kwa sababu uzi wake mnene unaanzia E. Analazimika kuipiga oktavu ya juu. Mwenye uzi wa tano, ambao ni B iliyo chini zaidi, anashuka bila wasiwasi, tena kwa mkao uleule wa vidole. Ni faida ya kweli.

Lakini angalia inavyolipiwa. Shingo yake kule juu karibu na kichwa huwa na upana wa milimita 45 hivi au zaidi. Zile besi za nyuzi nne zenye shingo nyembamba zina milimita 38, na nyingine zinafika 41 au 42. Kidole gumba chako kitapanuka zaidi, kiganja kitakunjika zaidi, na kuna uzi mmoja wa ziada wa kuuzima kwa kidole usijilie wenyewe. Halafu ile B ya chini inatetema mara 31 hivi kwa sekunde. E ya kawaida ni mara 41. Spika nyingi za makanisa yetu hazishuki huko. Unapiga B, kinachotoka ni mtikisiko wa boksi na vumbi. Utakuwa umebeba uzi ambao waumini hawausikii. Kwa zile nyimbo zenye do ya E flati au D, piga oktavu ya juu kama ulivyokuwa ukifanya zamani, au legeza uzi mnene mmoja ufike D kabla ya wimbo. Kwaya ya akina mama mtazoeana, mtachagua ki zinazowafaa sauti zenu.

Betri nayo ina kanuni yake. Besi ya betri hutoa sauti yenye nguvu, na ukiichomeka moja kwa moja kwenye mixa ya kanisa inatoka safi zaidi kuliko isiyo na betri. Tatizo ni kwamba nyingi huwaka mara tu unapochomeka waya, na zinaendelea kula betri hata kama hupigi. Nikiwa kijana niliazimwa besi ya namna hiyo kwa kesha la mwaka mpya. Tulifanya mazoezi mchana, nikaiegemeza ukutani waya ukiwa umechomekwa. Saa saba usiku sauti ilianza kupasuka kama redio inayopoteza stesheni, na katikati ya pambio ikazimika kabisa. Kanisa liliendelea kwa makofi na ngoma. Tangu usiku ule nachomoa waya kila ninapoweka besi chini, na kwenye begi hakikosekani kibetri cha mraba cha volti tisa, hata siku ninayopiga besi isiyohitaji betri.

Tumefika kwenye hamu yako yenyewe, sauti ya kwenye kanda. Nadhani nazijua kanda unazozisema. Mtu wa Mwanza wa umri wako amekua na kwaya ya Makongoro, amesikia ile ya Ulyankulu, na masikio hayo hayasahau: besi nene, fupi, inayosema “du” na kunyamaza, inayotembea chini ya sauti nne bila kuzifunika. Watu wanadhani sauti ile ilitokana na aina fulani ya gitaa iliyopotea. Sehemu kubwa yake ilitokana na nyuzi kuukuu na vidole. Uzi mpya wa kawaida umezungushiwa waya wa mviringo, unalia kwa mng'ao kama kengele. Ukikaa miaka mitatu bila kubadilishwa, ukanyonya jasho na vumbi, mng'ao unakufa, unabaki unene. Zamani nyuzi zilikuwa adimu, watu walizichemsha wakazirudisha, na besi zilizoea kuongea kwa sauti hiyo nzito.

Leo unaweza kuipata kwa makusudi. Omba nyuzi bapa, zile zilizozungushiwa utepe ulio laini juu. Ukipitisha kucha hazikwaruzi. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye nyimbo nyingi za Motown, kampuni ya rekodi ya kule Detroit, alitumia nyuzi bapa na hakuwa mtu wa kuzibadilisha. Au chukua kipande cha sponji ya kuoshea vyombo, kikate upana wa vidole viwili, kisukume chini ya nyuzi karibu kabisa na daraja, kiziguse kidogo. Piga. Noti inatoka na kuzima yenyewe, na utashtuka jinsi unavyorudishwa nyuma miaka thelathini. Carol Kaye, mama aliyepiga besi kwenye studio za Los Angeles kwa miaka mingi, alizima nyuzi zake kwa kipande cha kitambaa kizito kwa nia hiyohiyo. Na kwa somo la kuacha nafasi, msikilize tena Tommy Malanga, mpiga besi wa bendi ya Les Wanyika. Sikiliza mahali anaponyamaza, kisha angalia jinsi noti inayofuata inavyotua.

Hapa ndipo besi fupi inapokuwa jibu la maswali yako mawili kwa pamoja. Uzi mfupi wenye mkazo mdogo hutoa sauti ya mviringo, nene, isiyo na mng'ao mwingi. Anayetaka mlio wa chuma wa kisasa huona hiyo ni kasoro. Wewe ndiyo sauti unayoitafuta.

Ina udhaifu wake, nisikufiche. Uzi mnene, ile E, kwenye besi fupi za bei ndogo unaweza kuwa mlegevu, ukalia “vuu” bila noti kueleweka. Ndio wa kuupiga kwanza dukani: wazi bila kubonyeza, kisha freti ya tatu, kisha ya tano, polepole, uimbe noti pamoja nao. Ukiweza kuiimba bila kubahatisha, uzi uko sawa. Ukishindwa, jaribu kuona kama ni uchakavu wa nyuzi tu. Mara nyingi E nene kidogo huponya. Pili, inataka nyuzi zilizotengenezwa kwa besi fupi, na si kila duka linazo. Ukinunua za kawaida, ile sehemu nene itaishia kuzungushwa kwenye kikazio, na hapo hukatika au hukataa kukaa kwenye tyuni. Agiza seti mbili kwa wakati mmoja, hata kama ni mpaka Dar. Tatu, mikono yako ina kumbukumbu ya besi ndefu. Wiki ya kwanza utapitiliza freti, hasa ukiruka toka ya tatu kwenda ya kumi. Usihangaike, itajirekebisha.

Mengine ya kukagua dukani hayachukui muda. Zungusha vitufe vyote huku gitaa likiwa kwenye spika. Mkwaruzo mdogo ni vumbi, unasafishika kwa dawa ya kupuliza. Tikisa waya kwenye tundu lake. Sauti ikikatika, tundu limelegea, kazi ndogo kwa fundi lakini punguza bei. Pitisha kiganja ubavuni mwa shingo usikie kama ncha za freti zinakwaruza. Fungua programu ya kutyuni kwenye simu, gusa uzi juu kabisa ya freti ya kumi na mbili bila kuubonyeza, upige, kisha ubonyeze hapohapo uupige tena. Noti zote mbili zisome sawa au karibu sana. Zikiachana kidogo, daraja litasogezwa. Zikiachana mno na daraja limeshafika mwisho wake, rudisha.

Kuhusu pesa, ukitoa laki tano unabakiwa na laki nne, na hiyo ndiyo sababu nyingine ya kutochukua ile ya laki saba na nusu. Besi haijaisha siku unapoinunua. Mpelekee fundi aiseti: shingo, urefu wa nyuzi toka kwenye freti, daraja. Mwambie unataka nyuzi ziwe milimita mbili hadi mbili na nusu juu ya freti ya kumi na mbili. Besi ya bei ndogo iliyosetiwa vizuri hupigika kwa raha kuliko ya gharama ambayo nyuzi zake ziko juu kama waya za umeme, na kwa bega lako hilo ni jambo kubwa kuliko jina lililoandikwa kichwani. Weka fungu la nyuzi, mkanda mpana, na begi lenye sponji. Kinachobaki tafuta amplifaya ndogo ya mazoezi yenye tundu la hedifoni. Usiichomeke kwenye sabufa ya sebuleni ukaifungulia. Spika za sabufa zimezoea muziki uliokwisha kusawazishwa, na mshindo wa besi mbichi unaweza kuzipasua. Kanisani, kwa kuwa besi yako haitakuwa na betri, mwombe anayesimamia mitambo akuwekee kile kisanduku kidogo cha kuunganishia ala, kinachokaa kati ya gitaa na mixa. Bila hicho sauti itafika imefifia, na watu watailaumu besi bure.

Ukishaileta nyumbani, usiache ikae ndani ya gari mchana, na ifute nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza. Hewa ya ziwani ina unyevu, kutu haichelewi.

Kisha nenda polepole kuliko moyo unavyotaka. Kichwa kitazikumbuka nyimbo ndani ya siku mbili, najua, na hapo ndipo watu wanapojiumiza, kwa sababu kano za mkono hazirudi kwa kasi ya kumbukumbu. Wiki mbili za kwanza piga dakika kumi na tano kwa siku, ikiwezekana mara mbili, asubuhi na jioni. Vidole vikichoma kidogo kwenye ncha, ni sugu zinaota, endelea. Maumivu yakiwa ndani ya kifundo, kiwiko au bega, weka besi chini siku hiyo, na yakijirudia muone daktari kabla hujaendelea. Unaweza pia kulegeza nyuzi zote nusu sauti kwa mwezi wa kwanza. Mkazo unashuka kwa karibu asilimia 11, na kwa kuwa unafanya mazoezi peke yako hakuna atakayekosana nawe kwa ki. Wiki ya tatu ongeza hadi nusu saa, uanze kusimama kwa wimbo mmoja mmoja. Wiki ya tano zirudishe nyuzi kwenye tyuni yake, upige nyimbo tatu mfululizo ukiwa umesimama.

Akina mama wakikuuliza utaanza lini, waambie wiki ya sita, na waombe siku hiyo wakupe nyimbo mbili tu.